Kulinda Mboga Bila Sumu Kali: Mwongozo kwa Wakulima wa Malindi na Lamu Wanaoshirikiana na Wenzao wa Tanga

Kila msimu maswali ya wanaoanza ni yale yale. Mwarobaini niweke kiasi gani kwenye bomba? Mbona nimepulizia jana na viwavi bado wanatembea? Wenzetu wa Tanga wana dawa ya kienyeji inayowafaa, mbona huku haishiki? Je, naweza kuvuka mpaka wa Lunga Lunga na miche? Mwongozo huu unayajibu kwa kufuata mpangilio wa kazi yenyewe, tangu kutafuta wenza upande wa pili hadi siku dawa inapokataa.

Jambo moja liwe wazi kabla ya yote. Wengi wakisikia ushirikiano wa kuvuka mpaka hufikiria kubadilishana dawa. Kinachosaidia hasa ni kubadilishana hesabu: wangapi wamenaswa wiki hii, kwenye zao lenye umri gani, na kipimo gani kilitumika. Nzi wa matunda wa Asia aligunduliwa Kenya 2003, na punde akaonekana Tanzania. Kantangaze, nondo wa nyanya mwenye asili ya Amerika Kusini, aliingia Uhispania 2006, akapita Afrika Kaskazini, na 2014 alikuwa amekwisha kufika Kenya na Tanzania pia. Mkulima wa Gongoni anayejua kinachoendelea Muheza huweza kuwa na siku kadhaa za kujitayarisha. Asiyejua hugutuka matunda yakiwa yamekwisha kutobolewa.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Mizani ndogo ya jikoni inayopima gramu. Moja yatosha kikundi kizima. Konzi ya mtu si kipimo.
- Jagi lenye alama za mililita na kijiko cha chai (mililita 5).
- Bomba la mgongoni ambalo halijawahi kutiwa dawa ya kuua magugu. Kama liliwahi, tafuta jingine. Mabaki yake huunguza nyanya hata baada ya kuoshwa.
- Ndoo mbili zenye vifuniko, na kitambaa safi cha pamba. Kanga kuukuu inafaa sana.
- Kinu na mchi vya kazi hii peke yake, visirudi jikoni.
- Mbegu za mwarobaini zilizokauka vizuri.
- Sabuni ya maji ya kawaida, au sabuni ya mche. Si sabuni ya unga ya kufulia.
- Mitego: feromoni (kivutio chenye harufu inayovuta madume) ya kantangaze kutoka duka la pembejeo, mabeseni ya plastiki, na dumu kuukuu la manjano la mafuta ya kupikia.
- Glavu, kitambaa cha kufunika pua na mdomo, na miwani.
- Daftari la mistari na kalamu. Simu ni ya kutuma picha. Kumbukumbu zikae kwenye daftari.
- Karatasi za kupimia uchachu (pH) wa maji, zikipatikana. Kwa Lamu ni muhimu kuliko wengi wanavyodhani, na sababu utaiona kwenye hatua ya sita.

Hatua ya 1: Chagua wenza wanaofanana nanyi

Tafuteni kikundi cha watu 5 hadi 15 wanaolima mboga zile zile katika nchi tambarare ya pwani: Mkinga, Muheza, Pangani, au pembezoni mwa mji wa Tanga. Joto lao ni kama letu, masika na vuli ni vile vile, kusi na kaskazi tunapokezana. Lushoto kuna mboga nyingi, lakini ni milimani na kuna baridi. Wadudu wao hukua polepole, kwa hiyo kalenda yao haitawafaa. Mtu wa Lushoto mnufaike naye kwa jambo jingine: awaambie lini nyanya zenye mashimo zinapakiwa kuja pwani.

Anzeni na zao moja. Nyanya ni chaguo zuri kwa sababu adui wake anahesabika kwa mtego. Vikundi vinavyoanza na nyanya, bilinganya, bamia, mchicha na tikiti kwa pamoja huchoka kabla ya mwezi wa pili.

Kila upande uteue mtu mmoja wa kupokea hesabu na mmoja wa kumshikia zamu. Muombeni afisa wa kilimo wa wadi, na bwana shamba wa upande wao, wawemo kwenye mawasiliano tangu siku ya kwanza. Mkiona mdudu mgeni, wao ndio wanaojua pa kumpeleka.

Hatua ya 2: Kubalianeni vipimo

Hapa ndipo ushirikiano mwingi unapovunjika bila watu kujua. Mwenzako akikwambia "weka kilo moja kwa bomba", muulize bomba la lita ngapi. Mengi ya huku ni ya lita 20. Upande wa pili utakuta ya lita 15 au 16. Dawa ile ile ya mwenzako, ukiitia kwenye bomba lako la lita 20, imekwisha kuwa nyepesi kwa karibu robo. Kisha unasema dawa ya Tanga haifanyi kazi.

Andikeni kila kitu kwa gramu kwa lita moja ya maji. Eneo liandikwe kwa mita za mraba, maana wapo wanaosema "heka" wakimaanisha ekari. Majina ya wadudu pia yanatofautiana kutoka kijiji hadi kijiji, kwa hiyo jina lisitumwe bila picha. Picha mbili: moja ya mdudu akiwa kando ya kijiti cha kiberiti ili ukubwa uonekane, na moja ya jani lililoharibiwa, limegeuzwa chini juu.

Hatua ya 3: Safisha kitalu na shamba kwanza

Hakuna dawa ya mwarobaini itakayokuokoa ikiwa mabaki ya nyanya za msimu uliopita yamelundikwa ukingoni. Kantangaze hulala akiwa pupa (kiwavi anayegeuka kuwa nondo) ndani ya udongo na majani makavu.

Ng'oa mabaki yote ya nyanya. Yatie kwenye mifuko myeusi ya plastiki, funga midomo, uiache juani wiki mbili au zaidi. Au fukia shimo la nusu mita na zaidi kwenda chini. Usiyatie kwenye mboji na usiwape mbuzi pembeni mwa shamba. Kisha pumzisha shamba angalau wiki sita bila nyanya, bilinganya wala viazi. Panda kunde, bamia, mchicha au mahindi. Mnavu nao ni wa ukoo huo huo na humhifadhi mdudu. Kama unaulima kwa ajili ya kuuza, uwe mbali na nyanya na uchunguzwe vile vile.

Kitalu kiwe chini ya wavu wenye matundu madogo kabisa, wa kuzuia nzi weupe. Chandarua cha kawaida huzuia nondo, lakini nzi mweupe hupita humo kama mlangoni, na yeye ndiye anayeleta ugonjwa wa majani kujikunja na kuwa manjano. Kwa joto letu wavu wa matundu madogo hupika miche, kwa hiyo uinue urefu wa mita moja na nusu hivi na uweke kivuli cha makuti juu yake saa za mchana.

Samadi iwe imeiva. Lamu samadi ya punda iko tele, lakini mbichi huja na mbegu za magugu na huunguza mizizi. Ilundike, iloweshe, igeuze kila wiki mbili, na uitumie ikiwa haina joto wala harufu kali.

Pembeni mwa matuta acha dania na mrihani vichanue. Maua yake hulisha nyigu wadogo wanaotaga ndani ya viwavi, na yule mdudu kobe mwekundu mwenye madoa meusi anayekula vidukari. Usiivune dania yote.

Hatua ya 4: Weka mitego siku ya kupandikiza, si baada ya kuona madhara

*Mtego wa kantangaze.* Chukua beseni pana, tia maji hadi nusu, ongeza matone machache ya sabuni ya maji ili nondo akitua azame. Tundika feromoni kwa waya, sentimita 3 hadi 5 juu ya maji, isiguse maji. Kwa kuchunguza tu, mitego 2 kwa ekari inatosha. Kwa kujaribu kupunguza wadudu, inahitajika 8 hadi 16 kwa ekari, na hapo gharama inapanda. Fanyeni hivyo pale tu hesabu inapowalazimisha. Badilisha feromoni kila baada ya wiki 4 hadi 6. Kwa joto la Malindi shika wiki 4.

Shika feromoni kwa glavu. Ukishika ya kantangaze kisha ya nzi wa matunda kwa mkono ule ule, umechanganya harufu na mitego yote miwili itakudanganya.

*Kibao cha manjano.* Kata dumu la manjano vipande vya sentimita 20 kwa 30, vipake grisi nyembamba pande zote mbili, vifunge kwenye mti usawa wa ncha za mimea. Hivi hunasa nzi weupe na vidukari wenye mabawa. Mimea inapokua, panda navyo. Grisi ikijaa vumbi, futa upake upya. Pepo za kusi huleta mchanga mwingi kiasi kwamba baada ya siku tano kibao hakinati tena.

*Kwa tikiti, matango na maboga*, nzi wanaotoboa si wa aina moja na wa maembe, na kivutio chao si kimoja. Dukani taja zao lako, usitaje "nzi wa matunda" tu.

Hatua ya 5: Hesabu Jumatatu asubuhi, tuma siku hiyo hiyo

Pande zote mbili zihesabu siku moja. Toa nondo kwenye beseni kwa kichujio cha chai, hesabu, mwaga, jaza maji mapya. Kisha tembea shambani kwa kupinda kushoto na kulia, ukague mimea 20, jani moja la katikati kwa kila mmea.

Lishike jani ulielekeze kwenye mwanga. Njia ya kantangaze ni doa pana lililobaki ngozi tupu, unaona kivuli cha kidole chako upande wa pili, na kinyesi cheusi kimekusanyika mahali pamoja ndani yake. Ukiona mstari mwembamba mweupe unaozunguka-zunguka kama uzi, huyo ni nzi mchora majani. Yeye hatoboi tunda, na mara nyingi hahitaji dawa. Wanaoanza huwachanganya hawa wawili na kupoteza mwarobaini bure.

Ujumbe wa kutuma uwe mfupi na wa mpangilio mmoja kila mara. Mfano:

"Sabaki. Nyanya, siku 35 tangu kupandikiza. Mtego A 14 (wiki jana 5). Mtego B 9 (wiki jana 4). Majani 20: yenye doa 3. Matunda: hakuna shimo. Tulipulizia mwarobaini gramu 50 kwa lita, Alhamisi jioni. Mvua: hakuna."

Hesabu isomwe kwa mwendo wake, si kwa namba moja. Ikipanda mara mbili kutoka wiki moja hadi nyingine, au doa jipya likionekana kwenye majani mawili kati ya 20, anza hatua ya sita siku hiyo. Wenzenu wakiripoti kupanda, nanyi zao lenu liko katika umri ule ule, kagueni mara mbili kwa wiki. Majira ya kusi sikilizeni zaidi Tanga, kwa kuwa upepo unatoka huko. Kaskazi ikivuma, zamu ya kuonya ni yenu. Hata hivyo upepo ni msaidizi tu. Anayembeba kantangaze mbali ni lori: nyanya zilizotobolewa, na makreti yanayorudi matupu na mabuu kwenye nyufa za mbao. Kreti zikitoka soko la Kongowea, Mombasa, au zikishuka gati la Mokowe kungojea mashua, zisilazwe shambani. Zisuguliwe kwa maji ya sabuni, zianikwe juani, ndipo zijazwe tena.

Hatua ya 6: Tengeneza dawa ya mbegu za mwarobaini

Hakikisha mti kwanza. Mwarobaini, au mkilifi kama wengi wa hapa wanavyouita, una vijani vilivyopangwa pande mbili za kikonyo kimoja, na kingo zake ni za meno. Kuna ndugu zake wanaopandwa sana ambao kikonyo chao hugawanyika tena kabla ya kufika kwenye vijani. Hao siyo, na matunda yao yana sumu kwa binadamu.

*Kukusanya na kukausha.* Okota matunda ya manjano yaliyoanguka, ukitandika wavu au turubai chini ya mti. Mbegu ambazo popo wamezila nyama na kuziangusha pia zinafaa kama hazijalala kwenye unyevu. Siku hiyo hiyo toa nyama kwa kusugua ndani ya maji, osha, na anika kivulini penye upepo kwa siku 3 hadi 7. Jua kali hupunguza nguvu yake. Hifadhi kwenye gunia au kikapu, kamwe si kwenye mfuko wa plastiki: hutoa jasho, huota ukungu, na ukungu huo una sumu ya kumdhuru anayetwanga. Vunja mbegu chache. Kiini kiwe kijani kibichi au kahawia nyepesi. Cheusi, chenye ukungu au kinachonuka uvundo, tupa. Mbegu za miezi 3 hadi 8 ndizo bora. Zikipita mwaka usizitegemee.

*Kipimo.* Gramu 50 za kiini kilichobanguliwa kwa lita 1 ya maji. Bomba la lita 20 ni kilo 1 ya kiini. Ukitwanga mbegu na maganda yake, weka gramu 100 kwa lita, kwa sababu karibu nusu ya uzito ni ganda. Majani peke yake ni dhaifu: kilo 1 ya majani yaliyopondwa kwa lita 5 za maji, na yatumike kwa vidukari wachache tu. Kwa kantangaze usipoteze muda na majani.

*Maji.* Maji ya visima vingi vya Lamu na ya visima vya mawe ya matumbawe Malindi yana chokaa. Maji hayo huvunja nguvu ya mwarobaini, na sabuni haishiki. Yapime hivi: tia maji nusu chupa, weka vipande vidogo vya sabuni ya mche, tikisa mara 20. Yakitoa povu jingi, ni sawa. Yakitoa utando mweupe kama maziwa yaliyokatika, tafuta maji ya mvua ya jabia. Yasipopatikana, ongeza ndimu kidogo kidogo, ukipima kwa karatasi hadi pH ifike kati ya 5.5 na 6.5. Usikisie, kwa kuwa kila kisima kina chokaa yake. Hili ndilo jibu la wengi wanaouliza kwa nini dawa ya upande wa pili haishiki kwao.

*Kutengeneza.*

1. Twanga viini mpaka viwe kama pumba za mahindi. Mafuta yakianza kujitokeza kwenye mchi, umepitiliza, acha.
2. Funga unga huo kwenye kitambaa, uutumbukize kwenye ndoo yenye maji yote uliyopima. Funika, weka kivulini.
3. Uache usiku kucha, kwa muda wa saa 12. Ukiuacha siku mbili unachacha, na hapo haufai.
4. Kamua kitambaa mara nyingi mpaka maji yatoke mazito, rangi ya maziwa yaliyotiwa chai kidogo.
5. Chuja kwa kanga iliyokunjwa mara mbili. Kisha chuja tena. Anayechuja mara moja hushinda jioni nzima akizibua mdomo wa bomba.
6. Ongeza sabuni ya maji mililita 1 kwa lita, yaani vijiko 4 vya chai kwa bomba la lita 20.

Tumia siku hiyo hiyo. Isilale hadi kesho. Machicha yanafaa kutandazwa kwenye shina la mmea, lakini usiyamwage mtoni: mwarobaini hudhuru samaki na viumbe wa majini, na Sabaki ina watu wanaoitegemea. Ndoo isioshewe jabiani wala karibu na kisima.

Hatua ya 7: Pulizia

Jaribu kwanza kwenye mimea mitano, ungoje siku mbili. Ikiwa majani hayakuungua, endelea. Anza jioni, jua likiwa limepoa na nyuki wamerudi mzingani. Jua huiharibu dawa hii upesi. Elekeza mdomo wa bomba kutoka chini kwenda juu, kwa kuwa mayai na viwavi wadogo wapo mgongoni mwa jani. Nyanya zilizokomaa majani humeza mabomba 8 hadi 10 ya lita 20 kwa ekari. Ikiwa umemaliza ekari kwa mabomba matatu, umelowesha juu tu.

Rudia baada ya siku 5 hadi 7, au mapema zaidi mvua ikinyesha ndani ya saa chache tangu upulizie. Mwarobaini haumwangushi mdudu papo hapo. Unamzuia kula na unamkwamisha anapotaka kujivua ngozi, kwa hiyo siku ya pili atakuwa hai, ametulia jani moja. Kadiria siku 3 hadi 7 ndipo uhukumu, tena kwa kuhesabu madoa mapya, si viwavi walio hai.

Kwenye mchicha na mboga nyingine za majani, acha siku tatu kabla ya kuvuna na uzioshe vizuri, la sivyo mteja atakurudishia fungu kwa uchungu.

Ikiwa hesabu inazidi kupanda baada ya mipulizio miwili, nunua dawa ya kibiolojia iliyosajiliwa: ya bakteria wa Bt kwa viwavi wadogo, au ya fangasi wa Metarhizium, ambao icipe, kituo cha utafiti wa wadudu cha Nairobi, imewatafiti kwa miaka mingi. Nazo zipulizwe jioni. Ya fangasi isichanganywe na dawa ya ukungu. Utakuwa umemuua mfanyakazi wako.

Tumbaku usiitumie, hata kama mzee wa jirani anaisifu. Nikotini yake ni sumu kwa anayepulizia, na virusi vya mozaiki vinaweza kuingia kwenye nyanya kupitia mikono iliyoshika tumbaku.

Hatua ya 8: Jua kipi kivuke Lunga Lunga na Horohoro

Hesabu, picha, vipimo na maarifa vivuke bila kizuizi. Watu watembeleane, lakini wafute matope ya viatu na kuosha majembe kabla ya kuondoka.

Miche, vipandikizi na mbegu za kupanda havivuki mfukoni. Vinahitaji kibali cha kuingiza mimea na cheti cha afya ya mimea: kwa Kenya mwulize KEPHIS, kwa Tanzania mwulize TPHPA, yaani mamlaka za afya ya mimea, kabla ya safari, si mkiwa foleni mpakani. Udongo usivushwe, wala samadi. Wadudu rafiki nao wasivushwe kwenye chupa, hata kwa nia njema. Nyigu Dolichogenidea gelechiidivoris, anayemshambulia kantangaze, aliletwa na icipe kutoka Peru kupitia vibali na karantini, na hiyo ndiyo njia yake.

Dawa za dukani husajiliwa kila nchi peke yake. Iliyosajiliwa Tanzania haina ruhusa Kenya mpaka PCPB, bodi ya kusajili dawa za wadudu, iisajili, na ni vivyo hivyo kwa kurudi. Soma namba ya usajili kwenye lebo. Mkipata dawa nzuri upande wa pili, nakilini jina la kiambato chake, kisha muulize dukani kwenu kama kipo kilichosajiliwa chenye kiambato hicho.

Hatua ya 9: Daftari moja, nakala mbili

Andikeni tarehe, zao, hesabu, dawa na kipimo, na mavuno. Ukitaka baadaye kuuza kwa alama ya Kilimohai (alama ya mazao hai ya Afrika Mashariki), kumbukumbu hizi ndizo utakazoulizwa. Kiwango cha mazao hai cha Afrika Mashariki kilipitishwa 2007 na kinatumika pande zote mbili, na kinaruhusu vikundi kukaguana vyenyewe chini ya mfumo shirikishi. KOAN kwa Kenya na TOAM kwa Tanzania, mitandao ya kilimo hai, ndio wa kuuliza namna ya kujiunga. Kikundi chenye daftari la msimu mzima hupita ukaguzi kwa urahisi; kisicho nalo hulazimika kuanza upya.

Mambo yakienda kombo

*Mtego haunasi chochote, lakini majani yana madoa.* Feromoni imekwisha, au imekaa juani dukani. Angalia tarehe. Pia angalia kama maji yamekauka, au beseni limefichwa nyuma ya mgomba.

*Mtego unajaa, majani ni mazima.* Feromoni huvuta madume tu, na huenda wanatoka shamba la jirani. Usipulizie bado. Kagua mayai mgongoni mwa jani na uzungumze na jirani. Mara nyingi ana lundo la nyanya zilizooza.

*Majani yameungua kingo.* Sabuni imezidi, au ilikuwa ya unga, au ulipulizia jua likiwa kali. Mwagilia kesho yake asubuhi, usirudie kwa wiki moja, na punguza sabuni kwa nusu.

*Vidukari hawaishi hata ukipulizia mara ngapi.* Tazama shina. Chungu wakipanda na kushuka, wanawalinda vidukari kwa ajili ya utamu wao. Zuia chungu kwanza kwa majivu makavu yaliyozungushiwa shina, upya kila baada ya kumwagilia. Kisha pulizia maji ya sabuni ya mche, gramu 10 kwa lita, yakilowesha vidukari wenyewe. Sabuni ikikauka haiui tena.

*Majani yamejikunja na kuwa manjano, mmea umedumaa.* Ni virusi vya nzi mweupe. Hakuna dawa. Ng'oa, tia kwenye mfuko, na rudi kwenye wavu wa kitalu.

*Mwarobaini ulifanya kazi msimu uliopita, sasa haufanyi.* Kabla ya kulaumu mdudu, angalia umri wa mbegu, jinsi zilivyohifadhiwa, na maji. Kisima kilichochanganyika na chumvi wakati wa kiangazi si kile cha masika.

*Mdudu hamumtambui, na wenzenu nao hawamtambui.* Mweke kwenye chupa ndogo yenye spiriti, andika mahali, zao na tarehe kwa penseli, umpelekee afisa wa kilimo wa wadi au kituo cha utafiti wa kilimo cha KALRO Mtwapa. Msimpe jina wenyewe kwenye ujumbe wa Jumatatu. Andikeni "hajulikani" pamoja na picha.

*Wenzenu wameacha kutuma hesabu.* Mara nyingi wamevuna na wanaona aibu kutuma sifuri. Waambieni shamba tupu nalo ni habari: linaonyesha kama nondo wanaendelea kuruka wakati zao halipo. Mitego ibaki hata baada ya mavuno, angalau wiki nne, na hesabu itumwe vile vile.